Kula vizuri na kuhesabu chakula kwa anayepanda ndege kila wiki kutoka Kisumu

Ndege ya kutoka Kisumu hadi Nairobi hukaa angani chini ya saa moja, na mtu mzima mwenye afya hahitaji kulishwa katika muda huo. Hata hivyo, niliposoma tena daftari langu la chakula baada ya miezi miwili ya kwenda na kurudi kikazi, niligundua kwamba siku za safari ndizo nilizokula zaidi, na karibu nyongeza yote ilitoka katika muda wa kungoja: mandazi mawili kabla ya kuitwa kuabiri, soda baada ya kutangaziwa kwamba ukungu wa Nairobi umechelewesha ndege, na sambusa ya kujipongeza kwa kufika. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unashughulikia saa za kungoja kuliko saa za kuruka, nao unaanzia jikoni, usiku wa kuamkia safari.

Usiku huo pika chakula unachoweza kukihesabu. Ugali huwasumbua wengi kwa sababu uzito wake hubadilika kulingana na maji na muda wa kuusonga, kwa hiyo ni afadhali kupima unga mkavu kuliko ugali wenyewe. Gramu 100 za unga wa mahindi hubeba takriban kilokalori 360, na maji hayaongezi chochote; ukitumia gramu 450 za unga, sufuria nzima ina kama kilokalori 1,620, na mkiwa watatu mnaogawana sawasawa, kila mmoja amekula 540. Mara ya kwanza nilipoweka bakuli juu ya mizani na kumimina unga kwa mazoea, mshale ulipita 600 kabla sijainua mkono, ilhali mezani tulikuwa wawili tu na daftarini nilikuwa nimezoea kuandika “ugali kidogo”.

Samaki naye ana hila zake. Ngege (tilapia) wa kuchemsha na ngege wa kukaanga huandikwa kwa jina moja na mtu mvivu, lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama gramu 14, yaani kilokalori zipatazo 120, na ngege mkubwa anaweza kunywa zaidi ya kijiko kimoja. Pima mafuta kabla ya kuyatia kwenye kikaango, pima tena yaliyobaki yakipoa, na uandike tofauti. Kwa mboga sina ubahili wowote: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kwa kuwa siku ya safari ni nadra kukutana na sahani ya managu au mrenda, kula sehemu kubwa ya kutosha usiku huo, na nyingine utakaporudi.

Githeri na maharagwe ni chakula bora, ila si cha usiku wa kuamkia safari ndefu. Ndege ikiwa juu kabisa, mgandamizo wa hewa ndani yake unaweza kushuka hadi ufanane na wa mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nakuru, mji ulio kwenye mita 1,850 hivi, ameizoea hewa ya namna hiyo, lakini anayetoka Kisumu, ambayo iko kwenye mita 1,130 hivi, hupandishwa huko kwa dakika chache, na gesi iliyo tumboni mwake hupanuka. Soda inayonywewa juu ya maharagwe hukamilisha adhabu hiyo, na jirani wa kiti cha pili hushiriki bila kualikwa.

Asubuhi, funga vyakula vikavu visivyonuka. Mimi hubeba yai moja au mawili ya kuchemsha, kila moja likiwa na protini ya gramu 6 na kilokalori 75 hivi, kiazi kitamu kilichochemshwa, ndizi, na njugu karanga zilizopimwa gramu 30, ambazo ni kama kilokalori 170. Pima njugu nyumbani na uziweke katika kikopo kidogo. Mfuko mkubwa unaofunguliwa mbele ya lango la kuabiria haurudi na kitu. Kanuni ya usalama ni kutoacha chakula kilichopikwa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na joto la Kisumu si la kufanyia mzaha, kwa hiyo yai na kiazi huliwa kwanza, njugu hungoja ucheleweshaji. Usifungie chakula katika mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, kwa sababu umepigwa marufuku Kenya tangu 2017. Kopo lenye kifuniko linatosha. Omena wa kukaanga waache nyumbani, hata kama unawapenda kama mimi.

Katika safari za kimataifa, kimiminika kinachozidi mililita 100 kwa kawaida hakipiti kwenye ukaguzi, na maziwa lala, uji, asali na hata siagi ya njugu huhesabiwa humo. Beba chupa tupu uijaze maji baada ya ukaguzi. Matunda mabichi, nyama na maziwa huzuiliwa na nchi nyingi mpakani, kwa hiyo maliza kuvila kabla ya kutua au uviache.

Sasa daftari. Andika kabla ya kula, si baada, kwa sababu mkono unaoandika “mandazi 2” mara nyingi hurudisha moja kwenye sahani. Programu nyingi za simu za kuhesabu chakula hazina mboga ya saga wala ngege, na zile zinazotegemea intaneti hukwama simu ikiwa katika hali ya ndegeni. Nimeona ni rahisi zaidi kuandika katika daftari dogo, kupiga picha ya sahani, kisha kuhamisha hesabu jioni. Kwa vyakula vyetu, tumia jedwali la viinilishe vya vyakula vya Kenya lililotolewa na Serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 2018, linaloorodhesha mboga za kienyeji na vyakula vingine tunavyokula, kisha uviingize katika programu kama mapishi yako mwenyewe, mara moja tu.

Chai ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4. Vikombe vinne vya chai ya maziwa vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 48, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ingekuwa vizuri zaidi kutopita kama gramu 25 kwa siku. Soda ya nusu lita peke yake hubeba gramu 50 hivi. Mimi sikuacha chai. Nilipunguza kijiko kimoja kila mwezi, na sasa nakunywa ya kijiko kimoja bila kununa.

Ndani ya ndege hewa ni kavu sana, mara nyingi unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20, na ulimi hauonji chumvi na sukari kama kawaida, ndiyo maana chakula cha ndegeni hukolezwa sana. Kunywa maji, ruka kifurushi cha chumvi, na kama mlo ni wa bure, kumbuka kwamba kalori zake hazina punguzo. Ukihitaji mlo maalumu, uagize unapokata tiketi au angalau saa 24 kabla. Anayetumia insulini apange saa za kula na za sindano pamoja na daktari wake kabla ya kuvuka majira, yaani kwenda nchi ambako saa ni tofauti na ya kwetu.

Kuvuka majira huharibu daftari pia, kwa sababu siku moja inaweza kuwa na saa 30 na milo mitano. Endelea kuhesabu kwa saa ya Kisumu hadi utakapolala usiku wa kwanza ugenini, kisha anza ukurasa mpya kwa saa ya huko. Usijipime uzito asubuhi ya kurudi: chumvi ya safari na kukaa muda mrefu huvimbisha miguu kwa maji, na mizani itakuonyesha kilo ambayo hukuila. Ngoja siku mbili au tatu, ujipime asubuhi kabla ya chai, na ulinganishe na asubuhi kama hiyo ya wiki iliyotangulia.