Kuchemsha Hakuondoi Sumu: Ushauri kwa Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa na Watengenezaji wa Jibini

Wafugaji wengi huamini kwamba maziwa yakishachemka, hatari yote imekwisha. Kwa vimelea vingi imani hiyo ni sahihi, na desturi ya kuchemsha iendelee. Yupo hata hivyo bakteria mmoja, stafilokokasi aureusi, ambaye hufa kirahisi kwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15, ilhali sumu aliyokwisha kuimwaga ndani ya maziwa hustahimili hata kuchemshwa. Anayeinywa huanza kutapika na kusokotwa na tumbo ndani ya nusu saa hadi saa nane. Antibiotiki hazimsaidii, kwa sababu kilichomdhuru ni sumu iliyotengenezwa kabla hajanywa.

Mwaka 2000 Japani ilipata funzo kubwa. Tarehe 31 Machi umeme ulikatika katika kiwanda cha kampuni ya Snow Brand huko Taiki, Hokkaido, na maziwa yakakaa kwa saa kadhaa yakiwa na uvuguvugu ndani ya mitambo. Baadaye yalipitishwa kwenye joto la kuua vimelea, yakakaushwa kuwa unga, na unga huo ukatumika katika kiwanda cha Osaka. Kuanzia mwishoni mwa Juni watu zaidi ya 13,000 waliugua. Kama hayo yalitokea kiwandani, mfugaji anayeacha ndoo ya maziwa ya jioni jikoni hadi asubuhi hana sababu ya kujiona yuko salama.

Bakteria huyu hutoka mahali pawili hasa: kiwele chenye ugonjwa, na mkamuaji mwenyewe, kwani takriban mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila kuugua. Mwenye jipu au kidonda mkononi asikamue wala asiguse jibini hadi apone. Kuhusu kiwele, tatizo ni kwamba maambukizi mengi hayaonekani kwa macho. Ng'ombe hula vizuri, maziwa ni meupe, lakini robo moja ya kiwele inatoa vimelea kila siku. Ndiyo maana ni vyema kupima mara kwa mara kwa dawa ya kupimia kiwele: kamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye sahani yenye vyumba vinne, ongeza dawa kwa kiasi kilekile, kisha zungusha. Maziwa ya robo iliyoathirika huwa mazito na kuvutika kama ute wa yai. Ng'ombe huyo akamuliwe wa mwisho, na kila chuchu ichovywe kwenye dawa ya iodini baada ya kukamua.

Hapa ndipo wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua bomba moja la antibiotiki kwa kukisia. Bakteria huyu hujificha ndani ya seli na vijipu vya kiwele, na aina zake nyingi hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini, kwa hiyo dozi iliyokatizwa huua vimelea dhaifu na kuwaacha wenye usugu wakizaana. Antibiotiki ya methisilini ilianza kutumika mwaka 1959 kupambana na vimelea hao, na kufikia 1961 wengine walishagunduliwa nchini Uingereza wakiwa sugu hata kwake. Mwaka 2011 watafiti walieleza jeni mpya ya usugu huo waliyoipata kwenye maziwa ya ng'ombe nchini Uingereza, jambo linaloonyesha kuwa zizi nalo limo katika mnyororo huu. Daktari wa mifugo akipata nafasi ya kupima sampuli ya maziwa ili kujua dawa inayofaa, gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kupoteza kiwele. Ng'ombe ambaye robo yake haiponi baada ya kutibiwa ipasavyo ni afadhali aondolewe kundini, ingawa najua uamuzi huo ni mgumu kwa mwenye ng'ombe wawili tu.

Kwa mtengenezaji wa jibini, antibiotiki ina madhara mengine ambayo hayazungumzwi vya kutosha. Maziwa yaliyokamuliwa kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa kwisha yana mabaki yanayodhoofisha kimea cha kugandishia, yaani vile vimelea vyema vinavyopaswa kuyachachusha haraka. Asidi ikichelewa kupanda, stafilokokasi sugu, ambaye mabaki hayo hayamgusi, hupata saa kadhaa za kuzaana bila mshindani katika maziwa yaliyopashwa joto. Pima asidi kila saa na kuandika. Siku ambayo kimea kimezubaa, maziwa hayo yasiendelezwe kuwa jibini. Sampuli ya maabara nayo ichukuliwe jibini likiwa bado changa, kwa kuwa katika jibini lililokomaa vimelea huwa wamepungua wakati sumu ingali imo. Katika Umoja wa Ulaya, vimelea wa kundi hili wakizidi 100,000 kwa gramu ni lazima jibini lipimwe sumu.

Sumu hutengenezwa maziwa yakiwa na joto linalozidi nyuzi 10. Asiye na jokofu aweke kopo la alumini ndani ya maji baridi yanayobadilishwa, ayafikishe maziwa kwenye kituo cha kukusanyia ndani ya saa mbili, na asichanganye kamwe maziwa ya jioni yasiyopozwa na ya asubuhi.