Shika unachoshika, ila uache uso wako

Mimi ni wakala wa pesa za simu, nasajili na laini, kibanda changu kipo Mwenge, Dar es Salaam. Kutwa nashika noti, simu za watu na mashine ya alama za vidole. Ukiniambia nisiguse vitu vichafu, nitakuuliza basi nifunge biashara? Mkono utachafuka tu. Kazi ni kuuzuia usifike machoni, puani wala mdomoni kabla haujaoshwa.

Anza na mate. Noti hazihesabiwi kwa kulamba kidole. Weka sponji ya maji mezani, na uioshe kila asubuhi maana nayo huoza. Kalamu ya wateja iwe mbali na yako.

Mashine ya vidole ndiyo yenye vituko. Wazee na mafundi ujenzi vidole vyao vimesuguka, alama hazisomi. Mtu akiona imegoma, anapeleka kidole mdomoni, anakilowesha, anakibandika kwenye kioo. Anayefuata naye anabandika chake palepale! Mimi nampa mteja tishu yenye maji kidogo kabla hajafika kwenye mate, na akiondoka nafuta kioo kwa kitambaa chenye spiriti ya duka la dawa. Spiriti unaitia kwenye kitambaa, humwagii mashine. Simu yako ifute hivyohivyo, ukiwa umeizima. Hiyo inaingia chooni na wewe, halafu inalala juu ya mto.

Sanitaiza ninayo, yenye alkoholi ya asilimia 60 kwenda juu, naisugua mpaka ikauke yenyewe. Lakini mkono wenye mafuta ya chipsi au vumbi hausaidiki nayo. Na vipo virusi, kama vile vya kuhara na kutapika, ambavyo havitishiki na hiyo sanitaiza. Dawa yake ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, usisahau kucha na vidole gumba. Kisha kausha, mkono mbichi unazoa uchafu upesi. Ile taulo moja inayoning'inia mgahawani kwa ajili ya wateja wote, iache ining'inie.

Mgahawani watu wengi wanakosea mpangilio. Ananawa vizuri kabisa, halafu anavuta kiti, anapokea simu, anashika kichupa cha pilipili, ndipo anamega ugali. Wewe vuta kiti kwanza, agiza, tia pilipili yako, weka simu mfukoni, halafu ndiyo unawe. Koki uliyoifungua kwa mkono mchafu ipake povu na uimwagie maji kabla ya kuifunga, au ifunge kwa kiwiko.

Kwenye daladala bomba utalishika, huna ujanja. Jasho la usoni lifute kwa leso, si kwa kiganja. Ukisafiri, tuseme unakwenda Mbeya, basi likisimama watu wachimbe dawa, toa hela ya choo mapema na simu ibaki kwenye mfuko wenye zipu. Baada ya komeo, kopo na ndoo, usinunue mahindi ya kuchoma kabla hujanawa. Gesti nafuta rimoti, swichi na kitasa, basi. Kuta na sakafu sihangaiki nazo, sizili.

Nyumbani mtu akitapika au akiharisha, hapo spiriti haitoshi. Vaa glavu, ondoa uchafu, osha kwa sabuni, kisha paka Jik, ile dawa ya klorini. Ile ya asilimia 3.5 inachanganywa kopo 1 kwa makopo 6 ya maji. Iache dakika 10 ndipo usuuze. Usisahau kitasa cha choo na kamba ya kuvuta maji. Fungua madirisha, changanya ya siku hiyo tu kwa sababu hupungua nguvu, na usiichanganye kabisa na siki wala dawa nyingine ya kusafishia choo: moshi wake unaumiza mapafu.