Waridi la Kenya kwenda Uingereza kupitia Uholanzi: jinsi ya kupanga makaratasi

Mteja akinipigia simu, sianzi na idadi ya maboksi. Namuuliza: haya maua yatauzwa wapi mwisho? Zamani swali hilo lingekuwa udaku tu. Boksi likishaingia Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, na kumaliza mambo ya forodha, hata likilala Birmingham kesho yake, hakuna aliyejali. Tangu 1 Januari 2021 Uingereza iko nje ya umoja wa forodha wa Ulaya, na boksi lile lile linavuka mipaka miwili. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya ndege hapa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na hivi ndivyo ninavyopanga.

Ndege ya moja kwa moja hadi London haina shida: cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, EUR.1 (cheti cha asili ya bidhaa) kutoka mamlaka ya mapato KRA, ankara, basi. Mkataba wa Kenya na Uingereza uliotiwa saini Desemba 2020 unakupa ushuru sifuri.

Kazi iko kwenye njia ya Uholanzi. Chukua ile EUR.1 uitazame kisanduku cha 2, pale panapotajwa pande mbili za mkataba. Paandikwe Kenya na Uingereza. Vijana wengi hunakili fomu ya wiki iliyopita na kuacha Umoja wa Ulaya palepale, kwa kuwa ndege inatua Amsterdam. Hiyo ni mikataba miwili tofauti. Ule wa Kenya na Ulaya ulianza kufanya kazi 1 Julai 2024, na karatasi yake haikusaidii kitu kwenye bandari ya Uingereza ya Dover. Kisanduku cha 5 nacho kitaje nchi maua yanakoishia. Cheti cha KEPHIS kifuate hivyo hivyo.

Kisha mwambie ajenti wa Uholanzi, kwa maandishi, kwamba mzigo utasafiri kwa hati ya T1, yaani upite ukiwa chini ya ulinzi wa forodha bila kuingizwa soko la Ulaya. Kushusha, kupakia na kuweka kwenye baridi kunaruhusiwa. Kukata mashina na kufunga shada jipya pamoja na maua ya Ecuador, hapana. Hapo umeipoteza haki ya mkataba.

Na yale yanayopita kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi? Mnunuzi Mwingereza akiyanunua huko, ajue kwamba ushuru sifuri wa mkataba wa Uingereza na Ulaya ni ya bidhaa zenye asili ya pande hizo mbili. Waridi la Naivasha haligeuki la Kiholanzi kwa kulala Aalsmeer usiku mmoja. Ndipo ule ushuru wa kawaida wa Uingereza, asilimia 8, ulipokuwa ukiuma. Waingereza wakausimamisha kuanzia 11 Aprili 2024 hadi 30 Juni 2026, hata kwa maua yanayopitia nchi nyingine, na watu wakalegea na makaratasi. Mimi silegei. Nafuu yenye tarehe ya mwisho naiangalia upya kwenye orodha yao ya ushuru, msimbo wa waridi 0603.11, kabla ya kila msimu wa Valentine.

Mkulima wa Arusha akikuambia yeye hana presha hizi, ana haki. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, na Uingereza iliwaachia sifuri bila kusaini chochote. Ni Kenya, isiyo kwenye kundi hilo, iliyobanwa na saa, ikasaini peke yake, na majirani wakanuna kwamba tumeutoboa umoja wetu wa forodha wa EAC. Kwa maoni yangu tulisaini kwa haraka, lakini anayetaka tungengoja anieleze maboksi ya Januari 2021 yangekwenda wapi.

Oda ya Belfast usiichanganye na ya London. Kwa bidhaa, Ireland Kaskazini inafuata kanuni za forodha za Ulaya. Ni jambo lililoikwamisha serikali yao ya Stormont kwa miaka miwili, chama cha DUP, kinachotaka kubaki na Uingereza, kiligoma hadi Februari 2024. Muulize mnunuzi mzigo unaingilia bandari gani kabla hujajaza chochote.

La mwisho, kubalianeni mapema nani anaweka dhamana ya T1 na nani anaifunga maua yakifika. T1 ikibaki wazi, forodha wanamdai aliyeweka dhamana, naye atakutafuta wewe.