Kusoma dini kwenye jivu la jiko: somo kutoka Pemba

Tukiulizwa Uislamu ulikuaje pwani, tunakimbilia kuta za misikiti. Mimi naanzia jikoni. Msikiti hujengwa na wenye uwezo, chungu huinjikwa kila nyumba.

Hatua ya 1. Chagua mahali pa kulinganisha. Kaskazini mwa Pemba kuna Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi 10, na jirani yake Chwaka, ulioanza karne ya 11 ukadumu hadi kama mwaka 1500.

Hatua ya 2. Osha udongo wa mekoni. Umwage kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji, ukoroge kwa mkono. Mchanga unazama, punje zilizoungua zinaelea. Zichote kwa kitambaa chepesi, uzianike kivulini, juani zitapasuka.

Hatua ya 3. Tenga na uhesabu. Uwele ni kipunje kidogo cha mviringo, mchele ni mrefu wenye mifuo. Tafuta na kumvi: zikiwapo, mpunga ulitwangwa papo hapo. Mwanaakiolojia Sarah Walshaw alipoifanya kazi hii, Tumbe uwele ulitawala. Chwaka mpunga ukaja kuushinda.

Hatua ya 4. Sasa ndiyo uende msikitini. Mpunga hutaka maji na mikono mingi, kwa hiyo waliouhamia walikuwa na sababu. Walshaw anauhusisha na kukua kwa mji na Uislamu kwa pamoja, nami nakubaliana naye: wali ni chakula cha kukusanya watu.

Maswali

*Uwele nao si halali? Mchele unathibitishaje dini?*
Peke yake hauthibitishi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alikirimiwa Mogadishu wali wa samli kwenye chano kikubwa cha mbao. Alipofika Mombasa akakuta watu wacha Mungu, wa madhehebu ya Shafi, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na chakula chao kikuu kilikuwa ndizi na samaki. Imani yao haikupungua kwa kukosa wali.

*Kwa nini tusihesabu mifupa ya nguruwe tu?*
Huko Hispania inasaidia sana: mifupa hiyo hupungua katika tabaka za udongo za enzi ya Waislamu, huongezeka Wakristo walipoiteka miji. Baadaye kukataa nguruwe kukahesabiwa dalili ya Uislamu wa siri, na watu wakashtakiwa kwa hilo. Kwetu ufugaji wa nguruwe haukuwa desturi, basi kukosekana kwa mifupa yake hakutuambii lolote.

*Kumvi zikiwa chache?*
Huenda mchele uliletwa umeshakobolewa. Rudi hatua ya 2, uoshe udongo wa uani pia.