Kabla hujawasha plagini kwenye Godot

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, ni mgeni anayekabidhiwa funguo za nyumba nzima. Ukishaiwasha kwenye Godot, programu ya kutengenezea magemu, msimbo wake unaendeshwa ndani ya kihariri chenyewe, na faili lolote unaloweza kulifuta wewe, nayo inaweza. Kwa hiyo mimi huanza na mlango wa kutokea: mradi uwe kwenye Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, kusiwe na badiliko lililobaki nje, ndipo nipakue. Hutumii Git? Nakili folda nzima ya mradi uiweke pembeni.

Halafu toleo. Godot 4.0 ilitoka Machi 2023 ikaibadilisha GDScript, lugha yake ya kuandikia msimbo, kiasi kwamba plagini za 3 haziendi humo bila kurekebishwa. Fungua skripti yake kuu: mstari wa juu ukiwa tool, bila alama ya @ mbele, hiyo ni ya zamani. Iache, hata kama picha zake zinavutia.

Zile zenye faili la .gdextension, yaani zinazotumia maktaba zilizokwisha kukusanywa nje ya GDScript, zinataka jicho la pili. Ndani yake zimeorodheshwa maktaba za kila mfumo: .dll ya Windows, .so ya Linux na ya Android, .dylib ya macOS. Unatengeneza gemu la simu na mstari wa Android haumo? Gemu litacheza vizuri kwenye laptopu yako, likifika kwenye simu ligome. Ni afadhali kujua hilo leo kuliko siku ya kutoa.

Ukipakua kupitia AssetLib, maktaba ya nyongeza iliyomo ndani ya Godot, kabla ya kusakinisha unaonyeshwa orodha ya faili zitakazoingia. Plagini yenyewe hukaa ndani ya folda ya addons. Mifano na picha za maonyesho usizozihitaji, ziondolee tiki. Leseni isome pia, maana Godot kuwa na leseni huru ya MIT hakuifanyi kila plagini iwe hivyo.

Jua pia pa kushika mambo yakiharibika. Kihariri kikizimika kila unapofungua mradi, fungua faili la project.godot kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, tafuta sehemu ya [editor_plugins], futa njia ya plagini hiyo. Na siku ya kuiondoa, izime kwanza kwenye mipangilio ya mradi, ndipo ufute folda. Ukianza na kufuta folda, autoload (skripti inayopakiwa yenyewe gemu linapoanza) iliyoongezwa na plagini inabaki imeandikwa kwenye project.godot, na gemu litaendelea kulalamikia faili ambalo halipo. Wakati wa kusasisha, futa folda ya zamani kabla ya kuweka mpya. Ukifunika juu yake, faili zilizokwisha kuachwa zinabaki humo humo.

Ukitaka kuandika ya kwako, tumia mradi mtupu, tafadhali. Mimi niliandika skripti yenye @tool ndani ya gemu nililokuwa nalifanyia kazi, nikaweka queue_free, amri ya kufuta, ili isafishe nodi za majaribio, yaani vipande vinavyojenga gemu. Nilisahau kwamba @tool inaendesha msimbo hata kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza. Nodi za ramani zikatoweka mbele ya macho yangu, nami kwa mazoea nikabonyeza Ctrl+S. Faili la .tscn, linalohifadhi ramani hiyo, likabaki na nodi moja tu, ya mzizi. Ctrl+Z haikusaidia, kwa sababu mabadiliko yanayofanywa na skripti hayaingii kwenye historia ya kihariri mpaka uyapitishe kwenye get_undo_redo, njia ya plagini ya kuifikia historia hiyo.

Jambo la mwisho la kuandaa ni usafi wa _exit_tree, sehemu ya msimbo inayoendeshwa plagini ikizimwa. Kila ulichoongeza kwenye _enter_tree, ile inayoendeshwa ikiwashwa, iwe paneli, kitufe au aina mpya ya nodi, kiondoe huko. Jaribu kuizima na kuiwasha mara tatu mfululizo. Ukiona paneli tatu zinazofanana pembeni mwa skrini, bado hujawa tayari kumpa mwenzako.