Jinsi ya kuandika rasimu ya kusitisha mapigano

Kazi yangu ni kuandika rasimu pale wajumbe wa nchi mbili zinazopigana wanapokaa kuzungumza. Kijana mgeni akipangiwa kazi nami, humwambia kwanza kwamba msomaji wake si waziri. Ni luteni aliye handakini usiku, ana tochi na redio, anataka kujua aache kufyatua saa ngapi.

Tenganisha kusitisha mapigano na swali la nani mwenye haki. Ukiyafunga pamoja, watu watakufa huku wanasheria wakibishana. Ethiopia na Eritrea zilitia saini kusitisha mapigano Algiers tarehe 18 Juni 2000. Mkataba wa amani ulifuata Desemba, na swali la mpaka wa nchi hizo likaachiwa tume. Tume ilipoipa Eritrea mji wa Badme mwaka 2002, Ethiopia iligoma kwa miaka mingi, na hilo linaniuma hadi leo. Hata hivyo, vita kamili havikurudi.

Wajumbe wakishindwa kutazamana, waweke vyumba mbalimbali, kisha mpatanishi azunguke na karatasi moja tu. Kila upande usahihishe karatasi hiyohiyo. Ukiruhusu kila upande ulete rasimu yake, utashinda unalinganisha koma.

Sasa saa. Usiandike "mara moja". Korea, mwaka 1953, hati ilitiwa saini tarehe 27 Julai saa 4 asubuhi na kuanza kutumika saa 4 usiku. Saa 12 hizo zilikuwa za kufikisha amri hadi mahandaki ya mwisho, lakini mizinga iliendelea kunguruma. Toa muda unaotosha ujumbe kufika, usizidishe hata dakika, na utaje ni saa za nchi gani.

Mstari wa kutenganisha majeshi uchorwe kwenye ramani moja, wakuu wa majeshi waitie saini wao wenyewe. Umbali wa kurudi nyuma nao uwe na sababu ya kijeshi. Kule Algiers majeshi ya Eritrea yalitakiwa kukaa kilomita 25 kutoka yalipo ya Ethiopia, kwa kuwa hayo yalihesabiwa kuwa masafa ya mizinga. Taja pia waangalizi ni nani, wanaingia lini, na wanapita wapi bila kuomba ruhusa upya.

Wafungwa wa kivita usiwaache mwisho, nakusihi. Mazungumzo ya Korea yalianza Julai 1951, na kufikia Novemba kanuni ya kuchora mstari ilikuwa imekubaliwa. Kilichoyakwamisha zaidi baada ya hapo ni swali la kama mfungwa asiyetaka kurudi kwao alazimishwe. Wakati huo wote wanajeshi waliendelea kufa vilimani. Omba orodha wiki ya kwanza, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikubaliwe kuwatembelea wafungwa. Dai jina la baba na mwaka wa kuzaliwa: nimewahi kushika orodha yenye mtu mmoja aliyeandikwa kwa tahajia tatu, na familia yake ikahesabiwa kuwa inadai watu watatu.

Kabla ya kalamu kutolewa, soma hati nzima kwa sauti katika lugha zote mbili. Kisha mwite ofisa mmoja wa kijeshi wa kila upande, kila mmoja peke yake, akueleze amri atakayoituma redioni usiku huo. Maelezo yao yakitofautiana, rudi kwenye kifungu hicho, hata kama waandishi wa habari wameshapanga kamera.