Kuinua usukani wa pikipiki: kazi yenyewe iko kwenye waya

Kufunga usukani mrefu ni kazi ya nusu saa, bolti nne tu unafungua unafunga. Kinachokula siku nzima ni waya wa klachi, waya wa resi, paipu ya breki na zile nyaya za swichi, maana vyote vilikatwa kwa urefu wa usukani wa zamani, sasa wewe umeupandisha juu halafu unataka vifike, havifiki.

Kwa hiyo usinunue waya hata mmoja kabla hujapima. Kwanza angalia unene wa bomba pale klempu zinaposhika, nyingi ni milimita 22, kuna za 25.4 na kuna zile nene katikati za 28.6, ukikosea hapo haifungi. Pia kama nchi yako ina sheria ya urefu wa usukani ujue mapema. Toa terminali ya betri, tandika blanketi zito juu ya tangi, fungua usukani wa zamani, funga mpya kwa muda tu bila kukaza sana. Kaa kwenye siti kabisa uone mikono inakaaje, usiamue umesimama pembeni.

Ukisharidhika chukua kamba, ipitishe njia ileile waya unayopita, toka kwenye mkono wa klachi mpaka unapoishia kwenye injini, usukani ukiwa umekata mpaka mwisho kushoto, rudia kulia, chukua kipimo kirefu. Paipu ya breki ukiipima, nyanyua tairi la mbele kwanza ili shokapu zishuke zote, manake ukipima tairi likiwa chini paipu itatosha hapo gereji, siku ukipaa kwenye tuta inavutika.

Halafu kuna hili la waya wa ndani na ganda lake. Ukiongeza ganda sentimita 10, waya wa ndani nao uongezeke 10 hizohizo, ile sehemu inayobaki wazi isibadilike. Mimi nilichongewa waya wa klachi ganda likazidi kidogo tu, adjasta nikarudisha mpaka mwisho lakini klachi ikawa haishiki vizuri, pikipiki ikiona mlima inapiga kelele haiendi, nikadhani sahani zimekwisha kumbe waya. Ukipata uliotengenezwa kiwandani kwa urefu unaotaka chukua huo, achana na kuunga. Waya wa klachi au resi HAUUNGWI, hata kama fundi anakuapia.

Kuingiza ni rahisi, paka oili ndani ya waya, pitisha njia ya zamani bila kona kali na mbali na ekzosi. Gripu, ile mipira ya kushikia, zikigoma puliza upepo kwa ndani au maji ya sabuni, zikirudi ziache zikauke kabisa kabla hujapanda. Swichi nyingi zina kijipini kinachoingia kwenye tundu la usukani, kama mpya hauna tundu toboa dogo pale pale panapotakiwa, weka alama kwanza. Nyaya za swichi hizo ndo unaweza kuunga, ila kata kila moja sehemu tofauti ili viungo visirundikane, chomelea kwa risasi, vika mpira ule wa kusinyaa kwa moto. Tepu peke yake, mvua mbili tu imeachia.

Breki sasa. Mafuta ya breki yanababua rangi, yakidondoka mwagia maji haraka. Ile bolti yenye tundu inayoshika paipu inataka washa mbili mpya za shaba, moja kila upande wa kichwa cha paipu, za zamani zimeshabonyea. Jaza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 4, na DOT 5 usiichanganye nayo kabisa. Kutoa upepo: vika mpira kwenye nipo (kile kijibomba cha kutolea upepo) ya kalipa, pale zinapokaa pedi za breki, bana breki, fungua nipo kidogo, funga, NDIPO uachie mkono. Rudia mpaka mapovu yaishe, na kikombe cha juu kisikauke maana utaanza upya. Paipu ndefu inashika upepo kwa ubishi, kama bado inabonyea kama sponji funga mkono wa breki kwa mpira ulale hivyo usiku, asubuhi toa tena upepo.

Kaza klempu kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kama zina alama ya kidoti, kidoti kinakaa mbele na bolti za mbele zinakazwa kwanza mpaka zigusane, uwazi ubaki nyuma. Klachi iache ncha ya mkono icheze milimita 10 mpaka 20, resi izunguke milimita 2 mpaka 6 kabla injini haijaitika, na ukiiachia irudi yenyewe.

Halafu washa, gia iwe fri, kata usukani mpaka mwisho kushoto, kulia, taratibu. Mlio ukipanda hata kidogo waya unavutwa mahali, zima utafute, usijidanganye kwamba utazoea, huo ndio mlio utakaokurukia katikati ya kona. Ukiwa sawa zunguka polepole mahali patupu, bana breki mara kadhaa, ukirudi papasa kila kiungo cha paipu kwa kidole kikavu.